Jipi kubwa ao jipi ndogo: jamaa ichague nini?



Katika miji yetu ya migodi motokari inataja jina la mtu mbele ya yeye mwenyewe kufungua mdomo. Jipi ya kampuni ikipita, bendera yake ndogo inacheza juu ya fimbo, vumbi inabaki nyuma, na watoto wanapiga mbio kuitazama. Ndiyo maana baba akipata feza kidogo mkononi, kitu cha kwanza cha kuingia kichwani mwake ni jipi ya namna ile. Mama naye anafikiri minervale ya watoto. Hapo mazungumzo yanaanza kuwa moto nyumbani.

Jamaa nyingi zinatuuliza: "Pasta, tuuzishe lupango tununue Land Cruiser, ao tuchukue paka RAV4?" Sisi tunajibu kwa swali lingine: kila siku munapita wapi? Hatuulizi njia ya mwezi wa nane, wakati wa kwenda kusalimia babu kijijini. Tunauliza njia ya siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka siku ya Mungu. Wengi wakianza kujibu wanacheka wenyewe, kwa maana njia yao inatoka Katuba inafika katikati ya Lubumbashi, na ni lami yenye mashimo.

Lakini kwanza tuelewe vyombo vyenyewe. Tofauti iko chini, haiko juu.

Land Cruiser tunayoona migodini, ile ya mfululizo wa 70, ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na mpaka leo sura yake haijabadilika sana. Ukilala chini yake utaona shasi: vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, na mwili wa motokari umefungwa juu yake kwa buloni. Nyuma kuko resori za mabapa, kama za kamyo. Motere yake ya mazuti ambayo wafundi wetu wanaijua zaidi, yenye silindri 6 na litre 4,2, haina turbo wala mambo mengi ya umeme, na ndiyo sababu fundi wa mbali na mji anaweza kuifungua na kuifunga tena. Tena kuko gia ya chini, ya kuingiza kwa mkono. Ukiingiza, magurudumu yote 4 yanakokota polepole kwa nguvu nyingi, motokari inatoka katika poto-poto kama ng'ombe anayetoka mtoni.

RAV4 ilikuja miaka 10 nyuma yake, mwaka 1994. Yenyewe haina shasi ya ngazi. Mwili wake ndio unabeba yote, sawa na taksi. Kwa hiyo ni nyepesi, inageuka vizuri katika njia ndogo, na mama mwenye mimba hatateswa mgongo ndani yake. Gia ya chini haina. Lakini kimo chake kinashangaza watu: chini ya RAV4 za kwanza kuna karibu sentimetre 20 mpaka kwenye udongo, na Land Cruiser haiipiti kwa zaidi ya vidole viwili ao vitatu. Kwa mashimo ya mji, sentimetre 20 zinatosha kabisa kama shofere ana akili. Na RAV4 si ya peke yake. Honda CR-V na Nissan X-Trail ni za ukoo ule ule. Suzuki Jimny ni ndogo kuliko zote, lakini chini ina shasi ya ngazi na gia ya kukokota. Kwa mwinjilisti mwenye kutembea yeye na mke wake tu, mimi ningeitazama hiyo mbele ya zote.

Sasa hesabu

Tuseme baba anakaa Katuba, anapeleka watoto kwenye masomo, anaenda kazini, mama anaenda sokoni, siku ya Mungu wote wanaenda kanisani. Kilometre 25 kwa siku hazikosi. Kwa siku 30 ni kilometre 750. Jipi kubwa yenye kunywa litre 14 kwa kilometre 100 itakunywa litre 105 kwa mwezi. Ndogo yenye kunywa litre 10 itakunywa 75. Tofauti ni litre 30. Muulize bei ya litre kwenye pompi ya karibu nanyi, muhesabu.

Mtu atasema: "Litre 30 njo nini?" Ana haki. Mafuta peke yake hayavunji jamaa. Kinachovunja ni bei ya kununua, kwa maana kwa feza ya jipi moja kubwa ya kutumika unaweza mara nyingi kupata ndogo mbili na kubaki na kitu. Halafu pine. Pine ya jipi kubwa ni ya kazi nzito, karibu na ya kamyo ndogo, na huwezi kubadilisha moja tu ukaacha tatu zenye kipara. Halafu kunakuja ile siku ya kuvunjika. Kampuni ikivunjikiwa na jipi, iko na garaji yake, wafundi wake, depo yake ya vipande, na mazuti inalipiwa na kampuni. Shofere yule tunayemwonea wivu hajawahi kulipa hata buji moja. Wewe ukinunua ile ile jipi, umechukua mzigo wa kampuni bila kuchukua mgodi.

Vijana, neno hili ni lenu zaidi. Kuko kijana anayeuza kobalti, mwezi mmoja unakuwa mzuri, anaruka anachukua jipi kwa deni. Bei ya kobalti ilipanda sana mpaka 2018, na mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kuanguka. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilisimamisha kwanza kutoa kobalti kwenda inchi za inje. Jipi haijui habari hizo. Inaomba mazuti tu. Na wazee watakumbuka miaka 2003 na 2004, wakati zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walitoka katika ile tuliita départ volontaire na kupokea dekonti. Kuko waliojenga nyumba, nazo nyumba ziko mpaka leo. Kuko walionunua motokari, na wengine kati yao tuliona motokari zao zikikaa juu ya matofali ndani ya lupango, kuku wakitaga ndani.

Mama mmoja alitatua mambo haya nyumbani kwake kwa namna ya kufurahisha. Mume wake alikuwa anatetea jipi kubwa kwa sababu ya safari ya kijijini kila mwaka. Mama akamwambia: "Papa, mara moja kwa mwaka tutalipia watu wenye jipi watupeleke. Siku zingine zote tutatembea na yetu." Alihesabu mbele yake, kwa daftari ya mtoto ya masomo. Bei ya kulipia jipi siku 4 haikufika bei ya pine mbili. Mume akanyamaza, na mpaka leo wako na lupango lao.

Je, tunasema jipi kubwa ni mbaya? Hapana. Kuko watu ambao tukiwashauri kununua ndogo tutakuwa tumewaua. Infirmie mwenye kutembelea vituo vya afya kwenye njia ya udongo ya Mitwaba wakati wa mvua, toka mwezi wa 11 mpaka wa 4, njia yake ya kila siku ndiyo njia mbaya. Mfanyabiashara anayekusanya mahindi vijijini naye vilevile. Huyo akinunua ndogo kwa kuogopa bei, atailipa mara mbili: ile njia yenye mawimbi madogo kama bati la nyumba itakula amortiseri, itakula rotile, mwisho hata mwili wenyewe utaanza kupasuka kwenye kona. Kwa jipi kubwa resori ikikatika, vipande viko tele katika miji yetu, kwa kuwa migodi yote inatumia motokari hizo hizo. Na hospitali nyingi za misioni zinatumia ile ndefu yenye mabenchi pembeni, kwa sababu mgonjwa anaweza kulala ndani. Lakini mabenchi yale si ya jamaa ya kwenda mbio kwenye lami. Watoto waliokaa upande, bila mukaba, kwa mwendo wa 100, ni hatari kubwa. Motokari ndefu na nzito namna ile haisimami upesi, na kwenye kona inapinduka rahisi kuliko mnavyofikiri.

Ukitaka ndogo, fungua macho

Kwanza, maandishi ya nyuma yasikudanganye. Kuko RAV4 nyingi ambazo magurudumu ya mbele tu ndiyo yanakokota. Lala chini, angalia: je, kuko mti wa chuma unaotoka katikati kwenda nyuma, na difu kati ya magurudumu ya nyuma? Kama hakuna, ni taksi yenye miguu mirefu. Inaweza kukutosha, lakini usiilipe bei ya ile nyingine.

Pili, volani. Hili linatuuma zaidi kuliko mengine yote. Ndogo nyingi zinatoka Japani, zinashuka Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia Kasumbalesa. Kule kote wanatembea upande wa kushoto, na volani iko kuume. Sisi Congo tunatembea kuume. Mjini hasara yake ni ndogo. Lakini mukiwa katika barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, kilometre karibu 180, nyuma ya kamyo yenye kubeba shaba, shofere aliyekaa kuume haoni kitu cha kuja mbele. Ili aone, inafaa atoe kwanza motokari yote inje. Na mara nyingi kitu kinachokuja ni kamyo nyingine.

Kwa hiyo, jamaa yenye kusafiri sana kati ya miji yetu, mimi ningewaambia watafute yenye volani ya kushoto, hata kama ni ya zamani kidogo ao haina rangi nzuri. Kama mumekwisha kununua ya kuume, basi mkae mbali nyuma ya kamyo, mbali kuliko mnavyozoea. Kadiri unavyokuwa mbali ndivyo barabara inafunguka mbele yako. Na yule mtu mkubwa anayekaa kushoto, awe mama ao yaya, yeye ndiye jicho la shofere. Asilale safarini. Asiseme "pita" kwa kufikiri tu. Aseme wakati ameona lami tupu kwa macho yake, na kama kuko mlima ao kona mbele, aseme "ngoja", hata kama shofere anakasirika.