Mjue Mtoto Kabla ya Kumwasili
Kabla ya kuasili mtoto, ulizeni ofisi ya watoto: Alizaliwa na uzito gani? Amepata chanjo zipi? Kijitabu chake cha kliniki kiko wapi?

Kama mama mzazi alikuwa na virusi vya UKIMWI, mtoto wa chini ya miezi 18 apimwe virusi vyenyewe. Kipimo cha kawaida chaweza kuonyesha kingamwili za mama tu.

Ulizeni pia: Hulala na nani? Hutulizwa vipi? Mtoto aliyehamishwa-hamishwa huenda akalia usiku au kuficha chakula. Huo si utundu, ni hofu.

Hatuulizi ili tumkatae, bali tujue namna ya kumtunza.