Insha fupi, chuo kikubwa: mwombaji wa Marekani aandike nini?

Kila mwaka, kuanzia mwezi Agosti, vijana wa Kigali, Bujumbura na Kampala wanaokaribia kumaliza masomo ya sekondari huketi mbele ya kompyuta za maktaba na za vibanda vya intaneti wakijaza fomu za kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Jina, tarehe ya kuzaliwa, alama za mitihani: hayo huchukua saa moja. Kisha hutokea swali moja linalowasimamisha wengi kwa wiki nzima, nalo ni hili: kwa nini unataka kusoma kwetu?

Swali hilo ni geni katika nchi zetu. Nchini Rwanda, nafasi ya chuo cha umma hutolewa kwa kutazama alama za mtihani wa taifa pamoja na masomo aliyoyachagua mwanafunzi. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere hukokotoa pointi. Hapana amwulizaye kijana kwa nini anakipenda chuo hiki na si kile, na hata angeulizwa, jibu la kweli aghalabu lingekuwa kwamba ndicho alichopangiwa. Ndiyo maana kijana anapokutana na swali hilo kwa mara ya kwanza huchukua zana alizozizoea, yaani insha ya mtihani au barua ya kuomba kazi. Huanza kwa heshima na taadhima, akakisifu chuo kwa ukubwa wake, umaarufu wake na walimu wake mahiri, kisha akaahidi kuwa mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Barua kama hiyo ina adabu zote tulizofundishwa. Kwa msomaji wa upande wa pili, hata hivyo, haina habari yoyote.

Tuchukue mfano wa chuo kimoja ambacho swali lake ni la wazi kabisa: Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko mjini Madison, katikati ya magharibi ya Marekani. Chuo hiki cha umma kilianzishwa mwaka 1848, na leo kina wanafunzi wapatao 50,000. Katika miaka ya karibuni kimekuwa kikipokea maombi zaidi ya 60,000 kwa mwaka kutoka kwa wanaotaka kuanza shahada ya kwanza, nao wanaoingia mwaka wa kwanza ni takribani 8,000. Mwombaji huandika insha mbili. Ya kwanza ni ile ya jumla inayokwenda katika vyuo vyote anavyoviomba, inayohusu maisha yake mwenyewe. Ya pili ni ya Wisconsin peke yake: aeleze kwa nini anataka kwenda huko, na kwa nini amechagua somo alilolichagua. Kikomo chake kimekuwa maneno 650.

Kusudi la insha hiyo ya pili ni kupima kufaana. Neno hili lisichukuliwe kwa maana ya kustahili. Alama za darasani zimekwisha kuonyesha nani anastahili, na miongoni mwa maombi hayo 60,000 wako wengi mno wenye alama nzuri. Kufaana ni kuonyesha kwamba kile ambacho mwombaji amekuwa akikishughulikia kinaendana na kile ambacho chuo kinacho, kiasi kwamba mmoja akiondolewa mwingine atapungukiwa. Chuo kidogo chenye wanafunzi 2,000 huweza kujieleza kwa sentensi moja au mbili, na mwombaji akazirudia kwa maneno yake. Chuo kikubwa hakiwezi. Kina kilimo na kina sheria, kina muziki na kina uhandisi, kina wapenda mpira na kina watu ambao hawajawahi kuutazama. Anayesema anakipenda kwa sababu kina kila kitu hajasema kitu, maana sifa hiyo inavifaa vyuo hamsini vingine.

Kazi ya mwombaji, basi, ni kukipunguza chuo hicho kikubwa hadi kiwe na ukubwa unaomtosha yeye. Atafute mlango mmoja au miwili ambayo kweli angeiingia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa Nyagatare, mashariki mwa Rwanda, wilaya ya wafugaji, amekuwa akimsindikiza mjomba wake kila alfajiri kupeleka maziwa katika kituo cha kukusanyia. Siku nyingine maziwa hupokelewa. Siku nyingine mpokeaji huyachanganya na alkoholi kidogo, yakaganda, akayarudisha. Mjomba huondoka akinung'unika kwamba ameonewa, na dumu la lita 20 hugeuka mtindi wa jirani. Msichana huyo anapenda kemia na anataka kusomea sayansi ya chakula.

Angeandika kama wengi wanavyoandika, insha yake ingesema: Chuo chenu ni mashuhuri duniani kwa utafiti, nami tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kusoma sayansi katika chuo bora ili nije kulisaidia taifa langu. Ondoa jina la Wisconsin, weka la Texas au la Ohio, na hakuna kitakachobadilika. Hicho ndicho kipimo cha kwanza tunachokishauri: badili jina la chuo, usome tena. Aya isiyoumia kwa badiliko hilo ifutwe.

Sasa tazama kilichoko Madison. Mwaka 1890, mkemia wa chuo hicho, Stephen Babcock, alivumbua njia rahisi ya kupima mafuta yaliyomo ndani ya maziwa. Kabla ya hapo mfugaji alilipwa kwa uzito, na aliyetia maji au kuengua krimu alipata sawa na mwaminifu. Kipimo cha Babcock kilimaliza ugomvi huo, na mwenyewe hakukiwekea hataza, hivyo kila kiwanda kiliweza kukitumia bure. Jina lake lingali katika jengo la idara ya sayansi ya chakula, lenye kiwanda cha maziwa ndani yake, na kando yake kipo kituo cha utafiti wa maziwa na jibini. Msichana wa Nyagatare anaweza kuandika kwamba ameona jinsi kipimo kinavyoweza kuwa cha haki na bado kikaonekana cha dhuluma kwa mtu asiyeelezwa kinavyofanya kazi. Anaweza kuongeza kwamba anataka kujifunza upimaji mahali ambapo suala hili la haki baina ya mfugaji na mnunuzi lilishughulikiwa miaka zaidi ya 130 iliyopita. Weka hapo jina la chuo kingine, na aya itaanguka.

Zaidi ya hayo, kuna jambo wanaloliita Wazo la Wisconsin. Charles Van Hise, aliyekuwa rais wa chuo mwanzoni mwa karne ya 20, alisema kwamba hataridhika mpaka manufaa ya chuo yafike katika kila kaya ya jimbo. Wazo hilo limo katika karibu kila kijitabu cha chuo, na kwa sababu hiyo waombaji wengi hulinakili kama lilivyo. Kulinakili hakusaidii. Msichana wetu hana haja hata ya kulitaja kwa jina, maana mjomba na dumu lake vimekwisha kulieleza.

Habari kama hizi hupatikana wapi? Katika kurasa za idara kuliko katika ukurasa wa mbele wa chuo, ambao huandikwa na watu wa matangazo. Orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili ina faida kuliko picha za ziwa Mendota. Mwombaji akiona, mathalani, kwamba Wisconsin huwapanga baadhi ya wanafunzi wapya katika makundi ya watu wapatao 20 wanaochukua masomo matatu kwa pamoja, ajiulize: je, mimi niliyesoma katika shule ndogo nahitaji kitu kama hicho? Akihitaji, aseme na aeleze kwa nini. Asipohitaji, aache. Insha inayotaja vitu kumi imegeuka orodha ya soko.

Tahadhari moja ni muhimu kwa wasomaji wa ukanda wetu. Wako vijana wanaopenda historia ambao wamesikia habari za Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti wa masimulizi ya kale nchini Kongo, Rwanda na Burundi, kisha akafundisha Madison kwa miaka mingi. Ni kiungo cha kweli baina ya nchi zetu na chuo kile, na chuo hicho hufundisha Kiswahili hadi leo. Lakini Vansina alifariki mwaka 2017. Atakayeandika kwamba anatamani kufundishwa naye atakuwa ametoboa siri kwamba hakusoma zaidi ya mstari mmoja. Mwalimu yeyote anayetajwa, ihakikishwe kwanza kwamba yupo, na kwamba hufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Chuo Kikuu cha Michigan, chenye maombi zaidi ya 80,000 kwa mwaka, kwa miaka mingi kimekuwa na swali la aina hiyo hiyo, lakini hulielekeza kwenye kitivo ambacho mwombaji anaomba, si chuo kizima. Pembeni yake kimekuwa na swali la pili: ueleze jamii mojawapo unayotoka na nafasi yako ndani yake. Maneno ya maswali hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo yasomwe upya. Ila swali hili la jamii ni fursa kwa Waswahili wa Nyamirambo, wa Buyenzi na kwingineko, watu waliokua wakizungumza lugha moja nyumbani, nyingine shuleni na ya tatu sokoni. Wengi huliruka jambo hilo kwa kuliona la kawaida. Kijana aliyekuwa akimtafsiria nyanya yake hospitalini ana la kusema kuliko aliyekuwa kiranja kwa miezi mitatu.

Hapa pana jambo zito. Kumezuka imani kwamba vyuo vya Marekani hutaka kusikia mateso, na vijana wa kambi za Kiziba na Mahama hushauriwa waanze na vita. Mwenye kutaka kuyasimulia yaliyompata ana haki hiyo, na ile insha ya kwanza, ya maisha yake, ndiyo mahali pake. Lakini hapana chuo kinachodai jeraha la mtu kama nauli. Katika insha ya kufaana, msomaji anataka kujua kijana atafanya nini Jumatatu asubuhi akishafika darasani. Aliyeikimbia Kivu na sasa anataka kusomea uhandisi wa maji anaweza kuandika habari za foleni ya bomba kambini na mgawanyo wa lita, bila kumfungulia mtu asiyemjua mlango wa msiba wake.

Kufaana kuna upande mwingine ambao insha haiugusi, nao ni fedha. Ada peke yake kwa mwanafunzi wa kigeni katika vyuo hivi viwili inazidi dola 40,000 kwa mwaka, na vyuo vikubwa vya umma kwa kawaida huwapa wageni wa shahada ya kwanza msaada mdogo au kutowapa kabisa. Wisconsin imekuwa na ufadhili uitwao King-Morgridge kwa wanafunzi kutoka Afrika na mabara mengine, lakini wanaoupata kwa mwaka ni wa kuhesabika kwa vidole. Kijana asiye na mfadhili asilipe ada ya maombi kabla ya kukiandikia chuo na kuuliza. Waliokwisha kupewa makazi Marekani kama wakimbizi wana hali tofauti: sheria ya huko inawaruhusu kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na familia nyingi za Kikongo hazilijui hilo.

Kuhusu mawakala wanaouza insha zilizokwisha andikwa, na programu za kompyuta zinazoandika kwa sekunde chache, neno ni fupi. Mfumo wa Common App, unaotumiwa na vyuo vyote viwili, unahesabu kuwa udanganyifu kuwasilisha kama yako kazi iliyoandikwa na akili unde au na mtu mwingine. Mwalimu kusahihisha sarufi ni jambo la kawaida. Mwalimu kuandika sentensi ni jambo jingine.

Maombi ya mapema katika vyuo hivi hufungwa tarehe 1 Novemba. Anayeanza kuandika mwishoni mwa Oktoba hana muda wa kufanya zoezi ambalo walimu wengi wa lugha wangelipendekeza: kuifunga kompyuta na kuieleza insha yake kwa Kiswahili, au kwa Kinyarwanda, kwa mtu wa nyumbani asiyejua Kiingereza. Yale yatakayosalia katika maelezo hayo ndiyo aliyokuwa nayo ya kusema. Kama mjomba wa Nyagatare atasikiliza, akamkatiza na kusema kwamba siku ile maziwa hayakurudishwa kwa sababu hiyo bali dumu halikuoshwa vizuri, basi msichana ana marekebisho ya kufanya, tena ya maana.