Mtoto anaposema haoni ndege ufukweni

Mvua za vuli zinapokaribia, fukwe za Dar es Salaam hupata wageni. Ni ndege wa pwani waliozaliana kaskazini mwa Ulaya na Siberia katikati ya mwaka, na sasa wanaikimbia baridi ya huko. Maji yakipwa utawaona karibu na Daraja la Salender au kule Kunduchi, wakichokoa matope kutafuta minyoo na kaa wadogo. Wengi watakaa hadi Aprili hivi, kisha watarudi walikotoka.

Mzazi, nakushauri uwachukue watoto Jumamosi moja mkawaangalie. Mtapata matembezi mazuri, lakini pia ndege hawa wadogo, wenye rangi ya mchanga na waliosimama mbali, wanaweza kukuonesha jambo ambalo hujaliona nyumbani kwa miaka: kwamba mwanao haoni vizuri vitu vya mbali.

Nyumbani kila kitu kiko karibu: sahani, daftari, simu, televisheni. Mtoto asiyeona mbali mara nyingi hajui kuwa ana tatizo, kwa sababu hajawahi kuona vinginevyo. Anadhani kila mtu huona ubao wa darasani kama uko kwenye ukungu. Wewe unaletewa taarifa kwamba hanakili kazi, anachungulia daftari la jirani, ni mvivu. Wapo watoto wanaochapwa kwa kosa ambalo ni la macho.

Fanyeni hivi. Nendeni asubuhi au jioni, maji yanapoanza kujaa, kwa kuwa yatawasogeza ndege karibu na nchi kavu. Simameni mahali pamoja, jua likiwa nyuma yenu. Chagua ndege unayemwona vizuri wewe mwenyewe. Sululu ni mkubwa, wa kahawia, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Vitwitwi ni wadogo. Hukimbia hatua chache, husimama, hudonoa, kisha hukimbia tena.

Usimuulize mtoto, "Unamwona?" Atajibu ndiyo ili akufurahishe. Muulize, "Yule anakimbia au amesimama? Mdomo wake umenyooka au umepinda?" Kisha afunike jicho moja kwa kiganja, bila kulikandamiza, na umuulize tena. Baadaye afunike la pili.

Kupima jicho moja moja kuna sababu. Jicho zima huweza kuficha udhaifu wa lenzake, na mtoto akacheza na kusoma bila mtu kugundua. Ubongo nao huzoea kulipuuza lile dhaifu. Tatizo hilo hutibika vizuri zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka saba, na kadiri anavyokua ndivyo matibabu yanavyokuwa magumu.

Mchezo huu hauchukui nafasi ya kipimo cha hospitali. Lakini kama wenzake wanaona naye anabahatisha, anafinya macho, anainamisha kichwa upande au analalamika kuumwa kichwa, mpeleke kwenye kliniki ya macho. Na ukiona kengeza, au weupe kwenye mboni hata kama ni kwenye picha ya simu tu, usingoje Jumamosi yoyote. Mpeleke mara moja, kwa sababu weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho.

Akiandikiwa miwani, mvalishe. Wazazi wengi huogopa kwamba miwani itayaharibu macho zaidi. Si kweli. Miwani sahihi haidhoofishi jicho. Humsaidia mtoto kuona, na kwa mtoto mdogo husaidia ubongo kujifunza kulitumia jicho hilo.

Kutoka nje kwenyewe nako ni kinga. Watoto wanaokaa muda mrefu kwenye mwanga wa mchana hupungukiwa na uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali. Taiwan, ambako tatizo hilo ni kubwa, mwaka 2010 ilianza kuhimiza shule kuwatoa wanafunzi nje dakika 120 kila siku. Wanetu wana jua la mwaka mzima, ila tunawafungia ndani na simu.

Nawe msomaji mwenye kisukari au shinikizo la damu, usibaki nyumbani. Mtu mzima anashauriwa kupata angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kidogo ufukweni kunahesabika. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu kisukari huua hisia za miguu na unaweza kukatwa na kombe au kuunguzwa na mchanga bila kujua. Ukirudi, kagua nyayo zako. Kama unatumia insulini, beba kitu cha sukari.

Na ikiwa mjukuu anamwona ndege ambaye wewe humwoni, usiseme ni uzee. Huenda ni mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji. Kisukari nacho huharibu sehemu ya nyuma ya jicho taratibu, bila maumivu, huku bado unaona vizuri. Ndiyo maana mwenye kisukari anapaswa kupimwa macho kila mwaka.

Mambo machache ya usalama. Msivuke kwenda kwenye mafungu ya mchanga, kwani maji hujaa na kuwazingira, hasa siku za bamvua. Karibu na Salender msikanyage maji ya mto Msimbazi, ambayo yana uchafu wa mjini. Ndege aliyekufa au mgonjwa asiguswe. Mkiwa na darubini, mtoto asiielekeze kwenye jua hata kidogo. Bebeni maji ya kunywa na kofia.

Shule hufunguliwa Januari, na hadi wakati huo ndege bado watakuwepo. Una wiki kadhaa za kujua kama mwanao ataanza darasa jipya akiuona ubao au akiukisia.