Mali ya Vijana na Wadhamini Wake

Somo letu la leo ni mali ya watu wengi.

Tuseme vijana wa kijiji chenu wamechangiwa fedha za kununua ngoma na kujifunza kuchonga. Fedha zinawekwa kwa mzee mmoja mwaminifu. Je, akifa? Warithi wake watasema ni mali yao, nanyi hamna hati ya kuwapinga.

Kwa hiyo sheria ya Tanzania inaruhusu kuwa na wadhamini. Mdhamini ni mtunzaji wa mali, si mwenye mali. Kikundi huandika katiba na kuchagua wadhamini. Kisha bodi yao huandikishwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Tangu hapo bodi ni kama mtu mmoja asiyekufa: ina muhuri wake, yaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mdhamini mmoja akifa, mali hubaki salama.

Mfuko wa Utamaduni Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1998 na Serikali za Tanzania na Sweden ili kusaidia sanaa, nao uliwekewa bodi ya wadhamini.

Lakini muhuri peke yake hauzuii wizi. Mdhamini ambaye mwanawe ameomba msaada yafaa atoke nje, wengine waamue. Tena kila shilingi iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa mwajua kusoma. Siku ya mkutano, ombeni daftari, mlisome wenyewe.

Maswali: Mdhamini ni nani? Mali anayoitunza ni ya nani?