Kibofu cha hewa: mhimili wa mvuvi aketiye majini

Katika maziwa ya milima ya Rocky, magharibi mwa Marekani, si ajabu kumwona mvuvi akielea mbali na ukingo bila mtumbwi. Ameketi ndani ya boya lenye umbo la herufi U, miguu imo majini, naye hujisukuma kwa mapezi ya mpira.

Kinachomzuia kuzama ni hewa iliyofungwa ndani ya kibofu chembamba. Je, kibofu hicho ni imara kiasi gani, na kikitoboka itakuwaje?

Kutoka tyubu hadi plastiki

Maboya ya awali yalitumia tyubu ya tairi la lori, ileile ambayo watoto wengi wa Afrika Mashariki wamejifunzia kuogelea, ikiwa imevikwa kitambaa kigumu. Tyubu ilikuwa imara, lakini nzito, tena yenye chumba kimoja tu cha hewa.

Siku hizi vibofu vingi hutengenezwa kwa plastiki ya PVC au poliyurethani. PVC ni ya bei nafuu, lakini hukakamaa kwenye baridi, na baada ya miaka huweza kupasuka penye mikunjo. Poliyurethani ni nyepesi zaidi na hustahimili msuguano, ila bei yake ni ya juu.

Kibofu hakibebi mzigo peke yake. Kitambaa cha nje ndicho kinachokizuia kutanuka kupita kiasi. Ndiyo maana kukijaza kikiwa nje ya kitambaa chake ni kukialika kipasuke.

Hatari ya jua

Adui mkubwa mara nyingi si mwiba wala ndoana, bali joto.

Boya likijazwa alfajiri katika nyuzijoto 10 za Selsiasi, kisha hewa iliyomo ikapata joto la nyuzi 50 juani, shinikizo lake huongezeka kwa takriban asilimia 14 iwapo haina nafasi ya kutanuka. Ongezeko hilo laonekana dogo. Lakini boya hujazwa kwa shinikizo linaloizidi kidogo tu hewa ya nje, hivyo nguvu inayosukuma mishono yaweza kuzidi maradufu.

Kupanda mlima na boya lililojaa huleta hatari hiyohiyo, kwani hewa ya nje hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda.

Kinyume chake, boya lililojazwa kwenye joto hulegea likiingia maji baridi. Huko si kuvuja. Huhitaji kuongezewa hewa kidogo tu.

Tahadhari

Uvujaji mwingi huanzia kwenye valvu, kwenye mishono, au pale kibofu kilipobanwa na zipu. Maji ya sabuni yakipakwa, mapovu huonyesha tundu lilipo. Gundi ya kiraka nayo sharti ilingane na aina ya plastiki.

Kabla ya safari, boya lijazwe na kuachwa usiku kucha kivulini. Likiwa limelegea sana asubuhi bila ya hali ya hewa kubadilika, lisiingizwe majini.

Maboya mengi ya sasa yana chumba cha pili cha hewa, aghalabu kwenye kiegemeo, ili kimoja kikipasuka kingine kimpe mvuvi muda wa kurejea ukingoni. Hata hivyo, chumba hicho hakichukui nafasi ya jaketi la kujiokoa. Maji ya milimani huwa baridi mno, na baridi huweza kumnyima nguvu hata mwogeleaji hodari kabla hajafika nchi kavu.