Ushuru wa Mazao na Mvutano wa Matumizi katika Halmashauri za Wilaya

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi huulizwa mara kwa mara swali ambalo makatibu wengi hulijibu kwa mashaka: ushuru unaotozwa katika mauzo ya mazao huenda wapi, ikiwa zahanati ya kijiji haina dawa na boma la darasa limeota majani? Swali hilo ni la haki. Ila huulizwa mahali pasipokuwa na mwenye kulijibu, na aghalabu kwa namna ambayo hata diwani mwenye nia njema hawezi kulijibu.

Historia ya halmashauri za wilaya na ya vyama vya ushirika nchini Tanzania imekwenda sambamba. Halmashauri zilivunjwa mwaka 1972 ulipoanzishwa mpango wa Madaraka Mikoani. Vyama vikuu vya ushirika vikafuata mwaka 1976. Sheria za kuvirudisha vyote viwili zilipitishwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Zilirudi na majukumu mengi na mifuko myepesi. Kodi ya maendeleo ilizisaidia kwa muda, lakini ilichukiwa na watu, na mwaka 2003 ilifutwa pamoja na ushuru mwingine mdogo mdogo, pengo lake likatarajiwa kuzibwa kwa ruzuku ya Serikali Kuu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara nao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Wakulima walishangilia, na walikuwa na haki. Aliyebaki kimya alikuwa Mweka Hazina wa halmashauri.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kisheria ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi, wala si mkulima. Katika hali halisi mnunuzi huuhesabu kabla ya kutaja bei, hivyo mzigo humrudia mwenye shamba kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyo mwanachama asemaye kwamba fedha ile ni jasho lake hasemi uongo, ijapokuwa stakabadhi imeandikwa jina la mwingine.

Jambo la pili ni kujua mlango wa kubisha hodi. Barabara za vijijini hazimo tena mikononi mwa halmashauri. Tangu mwaka 2017 zimekuwa chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Maji vijijini yalihamia kwa RUWASA kwa sheria ya mwaka 2019. Mishahara ya walimu na waganga hutoka Serikali Kuu, na halmashauri haina ruhusa ya kuigusa ili inunue mabati. Mjumbe anayesimama katika kikao cha kata na kumlaumu diwani kwa daraja lililobomoka, kisima kilichokauka na mwalimu aliyehamishwa, amemaliza muda wake bila kugusa hata shilingi moja ambayo baraza lina uwezo wa kuipanga.

Fedha ambayo baraza hujadili kwa uhuru ni ile ya mapato ya ndani: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni, ada za masoko na minada. Hata hiyo si huru yote. Sheria inataka asilimia 10 ikopeshwe kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi na marejesho, ikaanza tena mwaka 2024. Sehemu nyingine huelekezwa kwa maendeleo kwa kiwango kinachotegemea ukubwa wa mapato ya halmashauri. Kinachosalia ndicho cha kuendeshea ofisi.

Ichukuliwe halmashauri ya kubuni iliyokuwa ikikusanya shilingi milioni 2,000, nusu yake ikiwa ushuru wa mazao wa asilimia 5. Baada ya kupata fungu la vikundi, milioni 200, zilibaki milioni 1,800. Ikiwa ziligawanywa nusu kwa nusu, maendeleo yalipata 900 na uendeshaji 900. Kiwango kiliposhuka hadi asilimia 3, ushuru ule ule kwa mavuno yale yale na bei ile ile ukawa milioni 600, na jumla ikawa 1,600. Vikundi vikapata 160, maendeleo 720 na uendeshaji 720. Katika karatasi, kila upande umepunguziwa kwa haki. Lakini vikao vya baraza havikupungua, umbali wa kata haukufupika, wala bei ya dizeli haikushuka. Uendeshaji unaohitaji 900 ukipewa 720, huziba pengo lake kwa fedha iliyoandikwa kwa ajili ya maendeleo, na zahanati iliyopitishwa kwa makofi hubaki kuta tupu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Huduma haipunguzwi kwa kura. Hakuna diwani anayesimama na kusema zahanati fulani isimalizwe. Makisio hupitishwa yakiwa yamejaa, kisha fedha haitolewi, robo ya kwanza, robo ya pili, hata mwaka unakwisha. Kwa hiyo mwanachama anayeomba kuonyeshwa bajeti ameomba karatasi isiyo na habari nyingi. Anachopaswa kuuliza ni taarifa ya utekelezaji ya kila robo mwaka: kiasi gani kilipangwa, kiasi gani kimekusanywa, kiasi gani kimetolewa, na kwa kazi gani. Wanaushirika hawahitaji kufundishwa jambo hili. Ndivyo wanavyomuuliza katibu wao kila mwaka, wakati mwingine kwa ukali kupita kiasi.

Katika mabaraza mvutano mkubwa huwa juu ya posho na safari. Ni rahisi kuzilaani, na nyingine zastahili. Hata hivyo diwani wa kata ya mbali hawezi kuhudhuria vikao kwa miguu, na afisa asiye na mafuta ya pikipiki hawezi kukagua zahanati wala kuhesabu magunia kizuizini. Halmashauri iliyofuta mafuta ya wakusanyaji ili kuokoa fedha hupoteza ushuru mwingi kuliko ilichookoa. Pigo baya zaidi ni lile linaloangukia matengenezo, kwa kuwa halionekani mapema: paa lisilozibwa mwaka huu litaezuliwa lote baada ya miaka michache. Na jengo jipya lisilo na muuguzi si huduma, hata likizinduliwa kwa ngoma. Madiwani hupenda majengo kwa sababu hupigwa picha. Wapiga kura nao hupenda vivyo hivyo, na katika hilo lawama ni ya pande zote mbili.

Chama cha msingi kina silaha ambayo mwananchi mmoja mmoja hana, nayo ni vitabu vyake. Chama kilichouza tani 400 za pamba kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo kimefanya mauzo ya shilingi milioni 400, na ushuru wake ni milioni 12. Katibu aliyetunza nakala za hati za mauzo na stakabadhi za ushuru aweza kuipeleka hesabu hiyo katika Kamati ya Maendeleo ya Kata na kuuliza kama milioni 12 zimeonekana katika makusanyo ya kata. Zikionekana 9, mjadala hauhusu tena posho. Lakini katibu ambaye daftari lake la mapokezi halilingani na hati za mizani yafaa anyamaze kwanza, akasahihishe nyumba yake, kwa maana swali la kwanza atakaloulizwa ni hilo.

Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na vikao vya kawaida vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, na kufikia Aprili, Bunge la bajeti linapokaa, makisio ya halmashauri yamekwisha kufungwa. Chama kinachotaka jambo lake liingie hakina budi kuliamua mwishoni mwa mwaka unaotangulia, na kumbukumbu za mkutano ziandikwe jina la zahanati au darasa linalotakiwa, gharama iliyokadiriwa, na ushuru uliotoka katika mazao ya chama msimu huo.