Mafao na Uchumi (3): Bei ya uzee imo ndani ya kikokotoo

Katika makala mbili zilizotangulia tulieleza namna michango inavyokatwa mshaharani na inavyofika, au isivyofika, kwenye mfuko. Leo tunakiingia kikokotoo chenyewe, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Tangu Desemba 2018 kimezungumzwa bungeni, kwenye ofisi za walimu na kwenye viwanja vya Mei Mosi, mara nyingi kwa hasira yenye haki, mara chache sana kwa hesabu.

Basi tuifanye hesabu. Mchukue mtumishi wa umma aliyefanya kazi miezi 360, yaani miaka 30, ambaye wastani wa mishahara yake ya miaka mitatu bora ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni zilizoanza Julai 1, 2022, miezi yake inagawanywa kwa 580, kisha jawabu linazidishwa kwa mshahara wake wa mwaka, milioni 12. Inapatikana 7,448,276. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Asilimia 33 ya pensheni hiyo inazidishwa kwa 12.5, naye anapewa mkupuo wa shilingi 30,724,138. Asilimia 67 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, na kila mwezi anapokea 415,862 hadi mwisho wa uhai wake.

Kwa kanuni za zamani za mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, kigawanyo kilikuwa 540, mkupuo asilimia 50, na kizidisho 15.5. Kwa mshahara uleule, mtumishi huyo angeondoka na milioni 62 mkononi na 333,333 kila mwezi. Anayeshangaa kwa nini walimu na wauguzi walipaza sauti aziweke hesabu hizi mbili bega kwa bega. Mkupuo umepungua kwa zaidi ya milioni 31, na kilichoongezeka kwa mwezi ni shilingi 82,529. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atalazimika kufika 91 ndipo nyongeza hiyo ifidie kilichopunguzwa. Rais Magufuli alisitisha kanuni mpya za kwanza mwishoni mwa 2018, na katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ikatangaza kwamba waliokuwa wakipata asilimia 50 watapandishwa kutoka 33 hadi 40. Nafuu hiyo ni ya kweli, ingawa kigawanyo na kizidisho havikuguswa.

Hapo kwenye kizidisho ndipo ninapoomba tutulie kidogo. Kwa asilimia 40, mtumishi wetu anapata mkupuo wa 37,241,379 na pensheni ya 372,414. Ukilinganisha na asilimia 33, mkupuo umeongezeka kwa 6,517,241 na pensheni ya mwezi imepungua kwa 43,448. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: miezi 150, ambayo ni miaka 12 na nusu kamili.

Kwa hiyo 12.5 ni bei. Kwa kila shilingi moja ya pensheni ya mwaka ambayo mstaafu anaiachia, mfuko unamlipa shilingi 12 na senti 50 leo. Ni biashara ya aina ya butura wanayoijua wakulima wa Kagera, ya kuuza kahawa ingali mtini: ubaya au uzuri wake unategemea bei, na pia unategemea muuzaji anaifanyia nini fedha aliyoipokea.

Kwa bei ya 12.5, mstaafu anayechukua mkupuo anaachia pato la asilimia 8 kwa mwaka. Hatifungani ya Serikali ya miaka 25, hata baada ya riba yake kushushwa mwaka 2022, ilibaki juu ya asilimia 12. Inalipa kila baada ya miezi sita, na kwenye mnada wa Benki Kuu mtu anaweza kuanza na shilingi milioni moja. Zile milioni sita na nusu za ziada, kwa riba ya asilimia 12, zingeleta takriban shilingi 65,000 kwa mwezi badala ya 43,448, na mtaji ungebaki kwa ajili ya watoto. Mstaafu anayelijua hilo ana sababu nzuri ya kudai mkupuo mkubwa.

Lakini wangapi wanalijua? Wengi wanafika mwaka wa mwisho wa kazi wakiwa tayari wamebanwa na mikopo ya riba kubwa, ya kausha damu, kadi ya benki ikiwa mikononi mwa mkopeshaji. Mkupuo unaingia leo, kesho unagawanywa kwa wadai, bati za nyumba na ndugu waliokuwa wakiusubiri. Kwa mtu huyo, shilingi ya kila mwezi ambayo hakuna anayeweza kuinyang'anya ina thamani kuliko riba yoyote. Ndiyo maana naamini asilimia moja kwa watumishi wote haiwezi kuwa jibu. Mwanachama afundishwe mapema, miaka mitano kabla ya kustaafu na si kwenye semina ya siku mbili akiwa ameshaandika barua, kisha apewe nafasi ya kuchagua kati ya viwango viwili au vitatu.

Sasa, kwa nini bei ilishuka kutoka 15.5? Mfuko hauwezi kununua kwa bei nzuri ukiwa hauna fedha, na sehemu kubwa ya fedha ilikwenda mahali ambako mwanachama hakuulizwa. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuwa wakichangia. PSPF ilipoanza, ilibeba pia mafao ya miaka yao isiyochangiwa, ikiyalipa kwa michango ya waliokuwa bado kazini, huku deni la Serikali likikua. Mwaka 2018 PSPF, PPF, LAPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, na mfuko mpya ukarithi pengo hilo. Mwishoni mwa 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni. Hiyo ni hatua kubwa, ila miaka zaidi ya 20 ya faida ambayo fedha hizo zingezaa haikurudi.

Kuna pia miradi. Majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma yalijengwa kwa mikopo ya mifuko hii, na marejesho ya Serikali yakachelewa mno. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, liligharimiwa na mfuko wa NSSF kwa asilimia 60, na kila gari linalolipa tozo linarudisha kitu mfukoni. Kigamboni hiyohiyo, maghorofa ya mradi wa nyumba wa Dege yalisimama kwa miaka bila kukamilika, michango ya wafanyakazi ikiwa imefungiwa ndani ya zege. Siwalaumu waliotaka taifa lijenge kwa akiba yake lenyewe; nchi isiyotumia akiba ya watu wake itajengwa kwa mikopo ya watu wengine. Ninachodai ni kwamba kila mwanachama, pamoja na taarifa ya michango yake, apelekewe orodha ya miradi na faida ambayo kila mmoja umeleta mwaka huo, baada ya kuondoa mfumuko wa bei.

Juma lijalo tutaisoma taarifa ya michango mstari kwa mstari, na kuonyesha mahali ambapo mwanachama wa NSSF anaweza kugundua kwamba mwajiri amekata asilimia 10 yake lakini hakuiwasilisha.